Nusu ya Kodi: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Anayeishi kwa Mama

Nyumba ni ya kupanga, ina vyumba viwili vya kulala na sebule. Wanaishi watu watatu: mama aliyeajiriwa, mtoto wake wa kwanza aliye mwaka wa pili chuoni, na mdogo wake aliye sekondari. Mama na mdogo wanalala chumba kikubwa, mwanafunzi ana chumba kidogo cha peke yake. Mkataba wa upangaji una jina la mama tu. Hadi muhula uliopita mwanafunzi alikuwa akitoa akipata, leo gesi, kesho umeme, bila kiwango wala tarehe. Kisha mwenye nyumba akapandisha kodi, na mama akasema neno moja: nusu.

Mwanafunzi alikubali palepale. Miezi miwili akatoa nusu kamili, wa tatu akatoa pungufu, wa nne hakutoa kitu, na tangu hapo nyumba haikaliki. Mama anaamini kijana ameanza kukwepa. Kijana anaamini kwamba hata atoe nini, mama haridhiki. Tukizifuata hesabu zao mwezi kwa mwezi tunaona kwamba wote wawili wamekosea: kiwango kile kisingeweza kufika mwezi wa nne, hata kijana angekuwa mtiifu kiasi gani.

Kisa hiki ni cha mfano, kimejengwa ili hesabu zake zifuatike hadi mwisho. Kodi mpya ya mwezi tumeiita 100, na kila kiasi kingine kimepimwa kwa kipimo hicho. Ukiona 20, ni moja ya tano ya kodi. Weka kodi yako mahali pa 100 na uendelee.

Pengo la mama ni kiasi gani hasa

Mshahara wa mama baada ya makato ni 240. Matumizi yake ya mwezi, ukiacha kodi, ni haya: chakula cha nyumba nzima 60, umeme, maji na gesi 20, nauli yake 16, shule ya mdogo 24, marejesho ya mkopo 18, simu na vitu vidogo 12. Jumla ni 150. Kodi ya zamani ilikuwa 85, kwa hiyo alikuwa akitoa 235 na kubaki na 5. Kodi ya 100 imefikisha matumizi 250. Kila mwezi anapungukiwa 10.

Hiyo 10 ndiyo namba ambayo hakuna aliyeitaja siku ya mazungumzo. Mama hakudanganya aliposema ameelemewa, ila alichoomba kilikuwa mara tano ya kilichopungua. Jambo hili ni la kawaida sana kodi inapopanda: mzazi anahesabu uzito wa miaka yote aliyobeba peke yake, kisha anautaja kama bili ya mwezi huu. Madai ya miaka hiyo yanaweza kuwa ya haki, lakini ni mazungumzo mengine. Ukiyachanganya na kodi ya mwezi, mtoto atajadili haki wakati mwenye nyumba anasubiri hela.

Hatua ya kwanza, basi, ni mama kuweka mezani karatasi yenye mistari hiyo saba, kodi na ile sita mingine. Wazazi wengi hawataki watoto wajue mshahara wao, na hilo linaeleweka. Asiyetaka kutaja mshahara ataje pengo tu, mradi awe amelikokotoa kwa kalamu. Kukadiria kichwani huwa kunalitia chumvi.

Mfuko wa mwanafunzi una mawimbi

Upande wa pili una hesabu ngumu zaidi, kwa sababu fedha ya mwanafunzi haiji kwa mwezi. Tuchukue nusu mwaka mmoja: miezi minne ya masomo, mwezi wa tano wa mitihani, wa sita likizo.

Fedha za kujikimu ni 180, zinaingia mara moja mwanzoni mwa muhula. Kibarua cha saa 12 kwa wiki kinamletea 40 kwa mwezi katika miezi minne ya masomo, 10 mwezi wa mitihani kwa sababu amepunguza zamu, na 90 mwezi wa likizo. Jumla ya miezi sita ni 440.

Matumizi yake ya lazima: nauli 20 kwa mwezi (likizo 10), chakula cha mchana chuoni 14 (likizo hamna), bando na simu 6, vitabu na kuchapa kazi 30 mwezi wa kwanza na 4 kila mwezi hadi mitihani, mahitaji binafsi 8. Mwezi wa kwanza unakula 78, wa pili hadi wa tano 52 kila mmoja, wa sita 24. Jumla 310.

Kinachobaki kwa miezi sita ni 130, yaani wastani wa chini kidogo ya 22 kwa mwezi. Hapo hajaugua, simu haijavunjika, hajalipia safari ya mafunzo kwa vitendo. Nusu ya kodi ni 50 kwa mwezi, sawa na 300 kwa miezi sita. Yaani angebaki na 140 za kulipia matumizi ya 310.

Kwa nini basi mwanzoni iliwezekana? Kwa sababu ya ile 180. Mwezi wa kwanza aliingiza 220, akatumia 78, akabaki na 142. Akatoa 50 na bado akawa na 92, akajiona ana uwezo. Mwezi wa pili aliingiza 40 dhidi ya matumizi 52, akachota 12 kwenye akiba, akatoa 50, akabaki na 30. Mwezi wa tatu akachota 12 nyingine, zikabaki 18, akazitoa zote. Mwezi wa nne alianza na sifuri, akapungukiwa 12 za matumizi yake mwenyewe na kuzikopa. Mwezi wa mitihani pengo lilikuwa 42. Aliingia likizo na deni la 54, na kibarua cha likizo kikalilipa kabla hakijafanya kitu kingine. Kama alikopa kwenye programu ya simu, riba imekula pia 12 ambazo zingebaki.

Jumlisha alichotoa: 50, 50 na 18, sawa na 118. Pengo la nyumba kwa miezi sita lilikuwa 60. Mwanafunzi alitoa karibu maradufu ya kilichohitajika, na bado miezi mitatu ya mwisho nyumba ilipungukiwa. Mama alipopata 50 mara mbili mfululizo dhidi ya pengo la 10, ile 40 ya ziada haikukaa ikisubiri mwezi wa nne. Ililipa deni dukani, ikanunua sare ya mdogo, na kubwa zaidi, ilimzoeza mama kupanga mwezi unaofuata kana kwamba 50 zipo. Mchango mkubwa usiodumu huharibu bajeti ya mpokeaji kuliko mdogo unaofika kila mwezi, na mwenye kuulizwa mwishoni ni aliyetoa.

Njia za kugawa, na kila moja inasema kiasi gani

Watu wanaobishana kuhusu haki mara nyingi wanatumia vipimo tofauti bila kujua. Tuvipitishe vyote kwenye nyumba hii.

Watu wazima wawili, nusu kwa nusu: 50. Kipimo hiki kinafaa watu wawili waliochagua nyumba pamoja, kwa kipato kinachokaribiana. Hapa nyumba ilichaguliwa na mama, kwa mahitaji ya watu watatu.

Kwa kichwa: 33, na mama anabeba 67, yaani fungu lake na la mdogo. Ni nafuu kuliko nusu lakini bado kiko nje ya uwezo wa kijana.

Kwa nafasi: nyumba ina mita za mraba 60. Chumba cha mwanafunzi ni 9, kikubwa ni 16, sebule, jiko, bafu na korido ni 35. Akihesabiwa chumba chake na theluthi ya sehemu za pamoja anapata karibu 20.7, sawa na 34 ya kodi. Hiki hupendwa na wazazi wenye watoto wenye chumba cha peke yao, na kina mantiki kwa wapangaji wasio ndugu. Kwa familia kina kasoro moja: mama hakupanga vyumba viwili ili amkodishe mwanawe kimoja. Kijana akiondoka leo, mama bado atalipa 100 hadi ahame.

Kwa kipato: mama 240, mwanafunzi wastani wa 73. Fungu la mwanafunzi ni 23 ya kodi. Kinaonekana cha haki, lakini kinasahau kwamba nauli na chakula cha chuoni ni sharti la yeye kuwa mwanafunzi, na havipungui kodi inapopanda.

Kwa kinachobaki baada ya matumizi ya lazima: mama ana 90 kabla ya kodi, mwanafunzi ana karibu 22. Fungu la mwanafunzi ni 19. Kati ya vitano hivi, hiki ndicho kinachostahili kuwa dari. Hakifai kuwa kiwango cha kila mwezi, kwa kuwa akitoa 19 anabaki na kama 2 kwa mwezi, na fedha za kujikimu zikichelewa siku kumi tu amerudi kwenye mkopo.

Kuna kipimo cha sita ambacho hakuna anayekiita kipimo: ongezeko lenyewe. Kodi ilipanda kwa 15. Mwanafunzi akibeba hizo 15, mama anarudi kwenye salio lake la zamani la 5 kwa mwezi, na nyumba inaendelea kama ilivyokuwa. Kinaeleweka kwa sentensi moja, kiko chini ya dari ya 19, na kinaziba pengo la 10. Sisi tungekichagua hiki.

Kumi na tano, lakini zisitoke kwa usawa

Hapa ndipo mipango mizuri huvunjikia. Mtu anapata wastani unaobebeka, anauandika kama kiwango cha kila mwezi, na anasahau mawimbi. Jaribu 15 kila mwezi kuanzia salio la sifuri: mwezi wa kwanza anabaki na 127, wa pili 100, wa tatu 73, wa nne 46. Mwezi wa mitihani unachukua 42 za pengo lake na 15 za kodi, na salio linashuka hadi 11 chini ya sifuri. Likizo inamrudisha kwenye 40. Kwa miezi sita hesabu imekubali. Kwa mwezi wa tano imekataa, tena katika wiki ambazo hatakiwi kutafuta zamu za ziada.

Jumla ni ileile 90. Badilisha mpangilio tu: 12 kila mwezi kuanzia wa kwanza hadi wa tano, na 30 mwezi wa likizo. Salio la mwanafunzi baada ya kila mwezi linakuwa hivi:

Mwezi wa 1: 130
Mwezi wa 2: 106
Mwezi wa 3: 82
Mwezi wa 4: 58
Mwezi wa 5, mitihani: 4
Mwezi wa 6, likizo: 40

Haligusi sifuri. Upande wa mama, 12 zinaziba pengo la 10 kila mwezi na kumwachia 2, na likizo inamletea 20 za ziada. Hizo 20 zisiingie kwenye matumizi. Ziwekwe kando kama akiba ya kodi, kwa sababu zina kazi mwezi unaofuata.

Kazi hiyo ni kuchelewa kwa fedha za kujikimu. Tuseme muhula mpya umeanza na 180 haijaingia. Mwanafunzi ana 40 za salio na 40 za kibarua, matumizi ya mwezi wa kwanza ni 78, anabaki na 2. Hawezi kutoa 12. Mama naye ana pengo la 10, na kwenye akiba ya kodi ana 20. Kodi inalipwa kamili, kwa tarehe yake, na 180 ikifika mwanafunzi anarudisha 12 zake. Usipoitenga ile 20 ya likizo, mwezi huohuo mmoja unaleta kodi pungufu, faini ya kuchelewa kama mkataba unaitaja, na ugomvi.

Pigo la pili linalotabirika ni kukosa hata zile 10 za mwezi wa mitihani. Kabla ya mchango atabaki na 6 badala ya 16. Atoe hizo 6, na 6 nyingine zihamie likizo. Mama atapungukiwa 4, na kufikia hapo ameshakusanya 8 kutoka kwenye zile 2 za kila mwezi. Inabana, lakini inapita.

Tuliseme wazi sharti la mpango huu: uanze mwezi ambao fedha za kujikimu zimekwisha kuingia, au mwezi wa likizo. Ukianza na mfuko mtupu na 180 imechelewa, mwanafunzi anapungukiwa 38 kabla hata ya kutaja kodi.

Siku 180 inapoingia

Kosa la mwanafunzi katika kisa hiki lilikuwa kusoma salio la mwezi wa kwanza kama utajiri. Baada ya matumizi na mchango wa kwanza ana 130 mkononi. Lakini miezi mitatu inayofuata inadai 12 za matumizi na 12 za kodi kila mmoja, na mitihani inadai 42 na 12. Jumla 126. Fedha iliyo huru kweli ni 4.

Kwa hiyo siku ileile 126 zihamishwe kwenye akaunti au pochi ya simu isiyotumika kwa manunuzi, zitolewe kwa ratiba: 24, 24, 24, kisha 54. Benki au huduma ya fedha kwa simu ikiruhusu uhamisho wa kujirudia, uwekwe siku hiyo. Asiye na huduma hiyo anaweza kumpa mtu amshikie, lakini asiwe mama. Mama akishika fedha za mwanafunzi pamoja na za nyumba, mwezi mgumu zitakuwa fedha za nyumba, na hakuna atakayeweza kumlaumu.

Je, kutoa 60 za kodi mapema, mwezi wa kwanza, si rahisi zaidi? Kwa mwanafunzi ni rahisi. Kwa nyumba yenye pengo la 10 kwa mwezi ni hatari ileile ya zile 50. Labda kama mwenye nyumba anapokea kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo; hapo mama anahitaji fedha nyingi siku moja, na kutoa 48 au 60 kwa pamoja kunaingia moja kwa moja kwenye kodi bila kupita jikoni.

Je, aongeze saa za kazi?

Hili husemwa haraka: kijana ana nguvu, afanye kazi zaidi. Hesabu yake hii hapa. Kibarua kinalipa 40 kwa takriban saa 48 za mwezi, yaani 0.83 kwa saa. Kufikisha 50 za nusu anahitaji nyongeza ya 28 juu ya 22 alizonazo. Hizo ni saa 34 zaidi kwa mwezi, kama nane na nusu kwa wiki, na wiki yake ya kazi inapita saa 20. Saa hizo hazitoki kwenye usingizi peke yake, zinatoka kwenye vipindi na kazi za nyumbani. Ikilazimu somo moja lirudiwe na masomo yakarefuka kwa muhula mmoja, nyumba imejiongezea miezi mitano ya nauli, chakula cha mchana na vitabu, na kuchelewa miezi hiyohiyo kwa mshahara kamili. Kwa pengo la 10 biashara hiyo haina faida. Kwa pengo la 40, la mama aliyepoteza kazi, hesabu ni nyingine na huenda saa hizo zikahitajika, au kuahirisha masomo kwa utaratibu wa chuo kukawa bora kuliko kufeli taratibu.

Kama 180 ni mkopo

Ruzuku ikichangia kodi, imekwisha. Mkopo wa masomo ukichangia kodi, familia imekopa kwa jina la kijana ili kulipa mwenye nyumba. Mchango wa mwaka, 90 kila nusu mwaka, nao ni 180. Chukua mkopo wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka inayojilimbikiza, ulipwe baada ya miaka 5: 180 zimekuwa 241. Si lazima iwe uamuzi mbaya, hasa kama mbadala wake ni mama kukopa kwa riba kubwa zaidi. Lakini ulinganishwe kwa riba zilizoandikwa kwenye mikataba yote miwili. Kuomba mkopo mkubwa kuliko unaohitajika kwa masomo ili tu kufikia nusu ya kodi tunalipinga moja kwa moja.

Kuna tahadhari ya fomu. Mifumo mingi ya misaada ya wanafunzi huuliza unaishi wapi. England, mkopo wa kujikimu wa anayeishi kwa wazazi ni mdogo kuliko wa anayeishi kwingine, na Ujerumani msaada wa serikali kwa wanafunzi, uitwao BAföG, humpa anayeishi na wazazi kiasi kidogo zaidi cha makazi. Kumchangia mama kodi hakumgeuzi mwanafunzi kuwa anaishi peke yake. Akijaza hivyo ametoa taarifa ya uongo, na anaweza kudaiwa arudishe tofauti. Upande wa mzazi, kama nyumba inapokea msaada wa serikali wa makazi unaohesabu watu wazima waliomo au kipato chao, masharti yake yasomwe kabla ya mchango kuanza.

Jina kwenye mkataba

Baada ya kubishana kuhusu kiasi, wengine hutaka mwanafunzi aandikwe kwenye mkataba kwa kuwa analipa. Tusiruke hapa. Kuna kuwa mkazi na kuna kuwa mpangaji. Mkazi ametajwa kwamba anaishi humo. Mpangaji amesaini kulipa. Katika sheria za nchi nyingi, wapangaji wawili waliosaini pamoja wanabeba kodi yote kwa pamoja na kila mmoja peke yake: mama akishindwa, mwenye nyumba anaweza kumdai mwanafunzi 100 kamili pamoja na malimbikizo, si 15. Kwa mtu ambaye mwezi mmoja salio lake ni 4, huo ni mzigo asiostahili kuusaini.

Kinachofaa ni kuhakikisha mkataba unamruhusu kuishi humo. Mikataba mingine hutaja idadi ya watu wazima, na mtoto aliyekuwa na miaka 15 mkataba uliposainiwa sasa ni mtu mzima. Mama amwombe mwenye nyumba amtaje kwa maandishi kama mkazi. Mchango pia usiitwe kodi ya chumba kwenye karatasi yoyote, kwa sababu mikataba mingi inakataza mpangaji kupangisha mtu mwingine, na hakuna sababu ya kumpa mwenye nyumba hoja hiyo.

Fedha zimfikie mama, siku tatu kabla ya tarehe ya kodi, na mama alipe 100 kwa mkupuo mmoja. Malipo mawili kutoka namba mbili yanaandikwa kwenye daftari la mwenye nyumba kama nusu malipo, na lile la pili likichelewa siku moja wote wawili wamechelewa. Kwenye maelezo ya muamala kijana aandike "mchango wa nyumba" na mwezi. Risiti ya kodi ibaki kwa mama, nakala yake ipigwe picha na kutumwa kwa kijana, kwa sababu anayechangia ana haki ya kujua kwamba kodi imelipwa. Nyumba ambazo mtoto alichangia mwaka mzima kisha akakuta notisi ya kuhamishwa mlangoni zipo.

Karatasi ya mistari sita

Makubaliano ya mama na mwanawe hayahitaji mwanasheria, ila yanahitaji kuandikwa, hata kama ni ujumbe wa simu ambao mama ameujibu "sawa mwanangu". Kwa kisa hiki yangesomeka hivi:

"Mama, nitachangia 12 kila mwezi wa masomo na mitihani, na 30 mwezi wa likizo. Nitakutumia siku tatu kabla ya tarehe ya kodi. Fedha za kujikimu zikichelewa, mchango wa mwezi huo utafuata ndani ya siku tatu baada ya kuingia. Mwezi wa mitihani nikikosa kazi nitatoa nilichonacho, na kilichopungua nitakiongeza likizo. Deni langu lisizidi mchango wa mwezi mmoja; likifika hapo tunakaa kupanga upya. Tutaangalia hesabu tena kila mwisho wa muhula, au kodi ikipanda, au mmoja wetu akipoteza kazi."

Mstari wa tano ndio unaopingwa mara nyingi, kwamba unamfundisha kijana uvivu. Tunaushikilia. Deni la kodi kati ya mzazi na mtoto halina pa kwenda: mzazi hatamfukuza, mtoto hataweza kulilipa akiwa bado anasoma, na kila kikao kitaanza kwa kulisoma. Ukomo wa mwezi mmoja unalazimisha mazungumzo wakati kiasi bado ni 12.

Mambo mawili yasiingie kwenye karatasi hii. Moja ni gesi na umeme wa hapa na pale. Kijana akinunua, amesaidia, lakini hakijalipwa kipande cha kodi. Zikianza kukatwa kwenye mchango, mwezi wa pili tu hakuna anayekumbuka nani anamdai nani. Kama wanapendelea abebe bili badala ya kodi, achukue moja nzima yenye kiasi kisichobadilika. La pili ni kazi za ndani na malezi ya mdogo. Zilikuwepo kabla ya kodi kupanda.

Akitaka kuhama

Wakati wa ugomvi kijana huwaza kupanga chumba chake. Tuseme chumba cha kushiriki kinapatikana kwa 38. Anaongeza chakula cha jioni na fungu la umeme na maji ambavyo nyumbani viko ndani ya 60 na 20 za mama, na anaweza kupunguza nauli kama ni karibu na chuo. Hata nauli yote ya 20 ikifutika, 38 inamwacha na pengo la 18 juu ya anachotumia sasa, bado hajala usiku. Salio lake la wastani lilikuwa 22. Mama naye anabaki na pengo la 10, analolipunguza tu kwa chakula ambacho kijana hali tena.

Ikitokea ameamua, au amepata nafasi ya bweni, amwambie mama mapema kuliko muda wa notisi ulio kwenye mkataba wa nyumba. Notisi ikiwa mwezi mmoja, yeye aseme miezi miwili kabla, na mchango uendelee hadi mwezi anaotoka. Mama atakuwa na mwezi mzima wa kupima kama 100 bado zinalipika bila 12 zile, na kama hazilipiki, kutafuta nyumba ndogo na kutoa notisi yake ndani ya muda, ili amana isikatwe.